Dawa ya presha ya macho inapoanza kuwasha kuliko ugonjwa: mwongozo wa kulinda uso wa jicho

Mama alinificha karibu mwezi mzima. Nilikwenda Tanga kumsalimia, nikafungua friji kutafuta maji, nikakuta kichupa chake cha dawa ya macho kimejaa vilevile nilivyokiacha. Nilipomuuliza alicheka kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, hiyo presha ya macho siioni wala hainiumi. Hii dawa ndiyo inayoniuma. Kila nikiitia ni kama nimejipangusa kwa mkono wenye pilipili."

Hakuwa anadeka. Macho yalikuwa mekundu, kope zimevimba pembeni, na asubuhi tongotongo zilikuwa zimekauka kwenye nywele za kope kama chumvi. Lakini glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho, ndiyo hasa hiyo isiyouma. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, ikianzia pembeni mwa uoni, na kilicholiwa hakirudi kwa dawa wala kwa operesheni. Kwa hiyo mgonjwa anabaki na ugonjwa mpole unaopofusha na dawa kali inayomlinda, na ni rahisi sana kumkasirikia mlinzi.

Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kumtilia mama dawa, kuulizauliza wauguzi wa kliniki ya macho, na kusoma zile karatasi nyembamba zinazokunjwa ndani ya boksi la dawa. Jambo moja lishike kabla hujaendelea: usiache dawa wala usiruke siku kwa uamuzi wako. Uso wa jicho ulioungua unaweza kupona. Mshipa ulioliwa hauponi.

Kwanza, jua kinachokuchoma

Mbele ya jicho kuna utando mwembamba wa machozi. Si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikiza machozi kwenye jicho, katikati maji yenyewe, na juu mafuta kidogo yanayotoka kwenye tezi zilizopangwa ukingoni mwa kope, mafuta yanayozuia maji yasikauke haraka. Utando huo ukiharibika, jicho linabaki wazi kwa vumbi, upepo na dawa yenyewe.

Vichupa vingi vya matone huwekwa kihifadhi ili bakteria wasizaliane baada ya kufunguliwa. Kinachotumika zaidi ni benzalkoniamu kloraidi; kwenye boksi mara nyingi utaona herufi BAK. Kiukoo ni jamaa ya sabuni. Inaua vijidudu kwa kupasua ngozi zao, na kwa tabia hiyohiyo inayeyusha yale mafuta ya machozi na kudhoofisha chembe zinazotengeneza ute. Tone moja halina neno. Tatizo ni hesabu. Mtu mwenye dawa tatu za glakoma, latanoprost mara 1 kwa siku, timolol mara 2 na dorzolamide mara 3, kila jicho lake linapokea matone 6 kwa siku, yaani zaidi ya 2,000 kwa mwaka. Na latanoprost ya kawaida, ijapokuwa ni tone moja tu la usiku, ina BAK asilimia 0.02, mara 2 ya ile iliyomo kwenye timolol nyingi.

Dawa zenyewe nazo zina vituko vyake. Jamii ya latanoprost huleta wekundu, hurefusha nywele za kope, huifanya ngozi ya kuzunguka jicho iwe nyeusi zaidi, na inaweza kuchokoza tezi za mafuta. Dorzolamide huchoma ikiingia na huacha uchungu mdomoni. Brimonidine inaweza kukaa salama miezi mingi, halafu siku moja ukaamka macho yanawasha na kope zimetutumka: hiyo ni aleji, na mara nyingi dawa hubadilishwa. Ndiyo maana ukifika kliniki usiseme tu "dawa zinaniumiza". Sema ni kichupa kipi, kinachoma kwa dakika ngapi, na kilianza lini.

Kuna dalili moja inayowapotosha wengi: macho kutiririka machozi. Mama alikataa katakata kwamba macho yake ni makavu. "Makavu vipi na leso hainitoki mkononi?" Lakini ndivyo ilivyo. Jicho likikauka na kukwaruzika, ubongo huita machozi ya dharura, maji matupu yasiyo na mafuta ya kutosha, yanamwagika shavuni na kuliacha jicho kavu vilevile. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta karibu nusu ya wanaotibiwa glakoma kwa matone wana dalili za namna hii. Hauko peke yako, na si uzee tu.

Pili, jifunze kutia tone moja. Moja.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mama alipokuwa anaharibu zaidi, na mimi nikimtazama nisijue.

Alikuwa anatia matone matatu. Moja linaangukia kope, moja shavuni, moja linaingia, au huenda yanaingia yote. Jicho la binadamu haliwezi kushika zaidi ya mikrolita 30 hivi, na tone moja la kichupa ni mikrolita 30 mpaka 50. Maana yake tone moja tayari linazidi. La pili na la tatu haliongezi tiba. Linaongeza sabuni kwenye jicho, dawa kwenye ngozi, na kichupa kinaisha kabla ya tarehe ya kliniki.

Tunafanya hivi sasa. Ananawa mikono kwa sabuni na kuisuuza vizuri (kama ametoka kukata pilipili ananawa mara mbili, tumeshajifunza kwa machozi). Analala chali kitandani, maana kukaa na kuinua kichwa kulikuwa kunamtetemesha shingo. Anavuta kope ya chini kwa kidole cha shahada mpaka kinatokea kifuko kidogo chekundu. Kichupa kinakaa juu ya kifuko hicho bila kugusa jicho, kope wala nywele zake. Ncha ikigusa, inabeba vijidudu na kuvirudisha ndani. Anatazama juu, darini. Anaminya mara moja.

Kisha anafumba. Anafumba kama mtu anayesinzia, hakazi kope wala hapepesi, maana ukipepesa unaisukuma dawa nje. Papo hapo anaweka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho iliyo upande wa pua na kubana kwa upole dakika 2. Pale kuna tundu la mrija unaopeleka machozi puani na kooni. Ukiubana, dawa inabaki jichoni inakotakiwa, na kinachoingia mwilini kinapungua sana. Hili si jambo dogo kwa timolol, dawa inayoweza kumbana kifua mwenye pumu na kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Ukiwa na pumu au moyo unaopiga polepole, hakikisha daktari wa macho anajua kabla hujafungua kichupa.

Mwisho anapangusa kilichobaki kwenye kope na shavu kwa kitambaa safi kilicholowa maji. Watu huruka hatua hii. Ngozi iliyoachwa na dawa kila usiku ndiyo inayokuja kuwa nyeusi na kuwasha.

Tatizo lake lingine lilikuwa kutojua kama tone limeingia au la. Muuguzi mmoja alitupa ujanja ambao sijauona kwenye karatasi yoyote: tia dawa ikiwa ya baridi kutoka friji, utalisikia tone linapotua. Tangu siku hiyo matone mengine mawili yamekufa.

Kama una dawa zaidi ya moja, acha angalau dakika 5 kati ya moja na nyingine, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza. Jeli au mafuta ya macho yanakuja mwisho kabisa, kwa sababu yakitangulia yanaizuia dawa isipenye.

Kuhusu kichupa: andika tarehe ya kukifungua, kwa kalamu, juu ya kichupa chenyewe, si juu ya boksi linalotupwa. Vingi vinatakiwa viishie wiki 4 baada ya kufunguliwa. Soma karatasi ya dawa yako. Latanoprost ya kawaida hukaa kwenye friji kabla ya kufunguliwa, na ikishafunguliwa inavumilia nje mradi joto lisizidi nyuzi 25. Nyuzi 25 za wapi, Tanga mwezi wa Januari? Basi iache kwenye friji, mlangoni, mbali na friza. Pasipo na umeme wa kuaminika, ifunge kwenye kikopo uiweke kivulini kando ya mtungi wa maji. Haitakuwa friji lakini si sawa na kuiacha juu ya kabati chini ya bati.

Na Ramadhani, kwa kuwa swali hili linarudi kila mwaka na kuna wazee wanaoacha dawa siku 30 kimyakimya. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitaja matone ya macho miongoni mwa mambo yasiyobatilisha saumu, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Kule kubana kona ya jicho kunasaidia hapo pia. Anayetaka kuondoa shaka kabisa, dawa ya mara 2 kwa siku inaangukia vizuri tu baada ya futari na wakati wa daku, lakini muulize daktari wako kabla ya kuhamisha saa.

Tatu, punguza sabuni bila kupunguza tiba

Hili ni la kufanya na daktari, ila wewe ndiye wa kuliuliza, kwa sababu kliniki zetu zimejaa na daktari ana dakika chache na wewe.

Uliza kama dawa zako mbili zinapatikana ndani ya kichupa kimoja. Dorzolamide na timolol huuzwa zikiwa pamoja, mara 2 kwa siku. Yule mgonjwa wetu wa matone 6, akipewa mchanganyiko huo pamoja na latanoprost yake ya usiku, anashuka hadi matone 3 kwa kila jicho. Ugonjwa unapigwa kwa silaha zilezile, sabuni inapungua nusu.

Uliza pia kuhusu dawa zisizo na kihifadhi. Zinakuja kwenye vijichupa vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa, au kwenye vichupa vyenye vali maalumu ya kuzuia vijidudu. Bei yake iko juu na si kila duka la dawa linazo, kwa hiyo sitasema kila mtu abadilishe kesho. Mwenye jicho lililochubuka tayari, mwenye vichupa vitatu, au anayejiandaa kwa operesheni ya glakoma ndiye wa kwanza kuzihitaji: jicho lililowaka kwa miaka mingi huponya vibaya njia mpya ya kutolea maji ya ndani ya jicho inayofunguliwa na daktari, na operesheni hupoteza nafasi ya kufaulu. Kijichupa cha mara moja usikiweke akiba kwa kesho. Hakina kinga yoyote.

Nne, machozi ya dukani

Machozi bandia yanauzwa bila shida, yenye majina kama hypromellose, carboxymethylcellulose au sodium hyaluronate kwenye boksi. Yanasaidia kweli. Kosa ni kununua yenye BAK na kuyatia mara 8 kwa siku. Hapo unazima moto kwa mafuta ya taa. Ukihitaji zaidi ya mara 4 kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi. Na yape nafasi ya dakika 10 hadi 15 kutoka kwenye dawa ya presha. Mama hutia ya kwake asubuhi, alasiri, na kabla ya kukaa kwenye tamthilia ya jioni, maana akianza kutazama hapepesi tena.

Tano, safisha kope

Zile tezi za mafuta zikiziba, machozi yanakauka hata ukinunua duka zima. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji ya moto ya kustahimilika (yajaribu kwa ndani ya kiwiko), ukikamue na kukiweka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, ukikirudisha kwenye maji kinapopoa. Kisha sukuma taratibu: kope ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu. Pangusa ukingo kwa pamba iliyolowa maji yaliyochemshwa, ukitoa magamba. Pamba moja kwa jicho moja. Mara 1 kwa siku inatosha, na matokeo yanachukua wiki kadhaa.

Usikandamize mboni ya jicho lenyewe. Na kama umewahi kufanyiwa operesheni ya glakoma, usikande kope kabla hujaruhusiwa na daktari wako.

Sita, usiongeze moto

Sasa lile linalonikera. Mtu macho yake yakiwa mekundu anaingia duka la dawa la karibu, anaeleza kwa sentensi moja, anatoka na kichupa. Mara nyingi ndani yake kuna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu: angalia majina dexamethasone, betamethasone au prednisolone, mara nyingine yakiwa yamechanganywa na antibayotiki kama neomycin, gentamicin au chloramphenicol. Siku mbili tu wekundu umeondoka, mgonjwa anafurahi, anamwambia na jirani. Lakini steroidi inaweza kupandisha presha ya jicho, kimya kimya, kwa mtu ambaye presha hiyohiyo ndiyo ugonjwa wake. Mama naye alipita huko. Jirani alimpa chake kilichobaki, akakitumia wiki mbili, na siku ya kupimwa presha ilikuwa imepanda kuliko tulikoanzia. Daktari wa macho anaweza kukuandikia steroidi kwa sababu maalumu, akikupima na kukusimamia. Muuza duka hawezi kukupima.

Matone ya kuondoa wekundu yale ya "macho meupe" nayo yaache. Yanabana mishipa ya damu kwa saa chache na wekundu hurudi na nduguze.

Maziwa ya mama, mkojo, asali, maji ya majani: kila kijiji kina chake, na kila kimoja kinaweza kubeba vijidudu mpaka kwenye uso wa jicho uliokwisha kuchubuka. Kidonda cha jicho kinachoanza hivyo kinaweza kumaliza uoni kwa siku chache, kazi ambayo glakoma ingeifanya kwa miaka. Wanja? Najua, hapo nitagombana na shangazi zangu. Baadhi ya wanja wa unga una madini ya risasi, na ukipakwa ndani ya ukingo wa kope unaziba zilezile tezi unazozikanda kila usiku. Anayeshindwa kuuacha apake nje, apangushe kabla ya kulala.

Mengine ni ya nyumbani tu. Feni isikupulize usoni usiku kucha. Jiko la kuni au mkaa lihamie penye hewa. Kwenye bodaboda vaa miwani au shusha kioo cha helmeti. Ukiwa kwenye simu, pepesa kwa makusudi. Anayevaa lenzi za kugusa jicho azitoe kabla ya dawa na angoje dakika 15 ndipo azirudishe.

Saba, siku ya kliniki

Weka vichupa vyote kwenye mfuko mmoja, hata vile vya jirani unavyoona aibu kuvionyesha, uende navyo. Omba uso wa jicho uangaliwe, si presha tu. Kuna rangi ya njano inayodondoshwa ili michubuko ionekane chini ya taa ya buluu, na kuna kikaratasi kinachowekwa kwenye kope dakika 5 kupima machozi. Ni vipimo vya muda mfupi na havihitaji mashine kubwa.

Kisha uliza kuhusu leza, ile inayoitwa SLT. Inaelekezwa kwenye chujio la maji ya ndani ya jicho ili yatoke vizuri zaidi na presha ishuke. Inachukua dakika chache na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa 718 ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya walioanza na leza walikuwa bado hawahitaji matone baada ya miaka 3. Na si mambo ya Ulaya tu. Hospitali ya KCMC, Moshi, ililinganisha leza hiyo na matone ya timolol. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka 1 tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yaliyotiwa timolol. Haimfai kila mtu, aina nyingine za glakoma haziitaki, na nguvu yake inaweza kupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mama alipigwa jicho la kulia. La kushoto linaendelea na tone lake la usiku, la baridi.

Usingoje tarehe ya kliniki ukipata lolote kati ya haya: jicho linauma sana pamoja na kichwa na kichefuchefu, unaona duara za rangi kuzunguka taa, uoni umeshuka ghafla, usaha unatoka, mwanga unakuchoma huwezi kufumbua, au kwenye kioo cha jicho kumetokea doa jeupe. Nenda siku hiyohiyo, hata usiku, na ule mfuko wa vichupa uuchukue.